Sangara, kasa na jopo la Geneva: mahakama ya mfano ya sheria ya biashara inavyofanya kazi

Jioni ya kwanza ya mazoezi, karibu kila mwaka, hutokea jambo lile lile. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria anasimama, anaweka tai yake sawa, anavuta pumzi na kuanza: "Mheshimiwa Jaji..." Hapo hapo namsimamisha. Huko anakojiandaa kwenda hakuna jaji. Kuna mwenyekiti wa jopo na wajumbe wawili, watu ambao baada ya kesi hurudi kwenye kazi zao za ubalozi, chuo au uwakili. Hakuna mshtakiwa kizimbani wala mfanyabiashara anayedai fidia. Kuna serikali moja inayoilalamikia serikali nyingine, na hata ikishinda hairudishiwi hasara ya jana. Inachopata ni agizo kwamba sheria iliyokwenda kinyume na mkataba irekebishwe.

Mwanafunzi aliyezoea makosa ya jinai na madai ya ardhi, anayejua kumhoji shahidi hadi ajikanyage, hujiona mgeni kabisa hapo. Na sisi tulio nje tunasikia tu kwamba timu ya chuo fulani "imekwenda Geneva", tunapiga makofi, lakini ukimuuliza mtu vijana walikwenda kufanya nini hasa, anabaki kukutazama. Nimewasaidia wanafunzi kwenye mazoezi haya kwa miaka kadhaa, na ninaamini jambo hili linastahili kueleweka na watu wengi zaidi ya wale wanaolishiriki.

Mahakama ya mfano, ambayo wanafunzi wenyewe huiita mooti, ni kesi ya kubuni inayobishaniwa kwa sheria za kweli. Nchi zilizomo hazipo kwenye ramani, bidhaa na tarehe zimetungwa, na maelezo yote yako kwenye kurasa walizopewa. Huruhusiwi kuongeza shahidi wala kubadili tukio. Kwa hiyo habari ya nani alifanya nini imekwisha kabla hamjaanza. Kinachobaki ni sheria inasemaje juu ya hayo yaliyotokea. Mashindano ya namna hii yako mengi. Jessup, yaliyoanza mwaka 1960, hushughulikia sheria ya kimataifa kwa jumla. Ya Vis, yanayofanyika Vienna, yanahusu usuluhishi wa migogoro ya mauziano kati ya makampuni. Ya Pretoria, tangu 1992, yanahusu haki za binadamu barani Afrika. Haya ninayoyaeleza ni ya serikali zinazovutana juu ya ushuru, marufuku na ruzuku chini ya Shirika la Biashara Duniani, WTO.

Yalianza msimu wa 2002/2003 chini ya ELSA, chama cha wanafunzi wa sheria wa Ulaya, kwa msaada wa kitaalamu wa WTO yenyewe. Siku hizi yanaitwa kwa jina la John H. Jackson, profesa Mmarekani aliyefundisha Michigan na baadaye Georgetown, aliyefariki mwaka 2015. Jina hilo halikuwekwa kwa heshima tu. Kwa miongo kadhaa biashara ya dunia ilitawaliwa na GATT ya mwaka 1947, mkataba uliosainiwa ukawa unaishi bila shirika kamili la kuusimamia, na mwaka 1990 Jackson alikuwa miongoni mwa waliotoa hoja kwamba sasa shirika hilo liundwe. Lilizaliwa tarehe 1 Januari 1995. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwamo tangu siku hiyo ya kwanza. Burundi ikaingia baadaye mwaka huo huo, Rwanda 1996, Kongo 1997.

Timu huwa na wanafunzi wawili hadi wanne. Wanapokea kesi, wanakaa nayo miezi, wanaandika hoja zao, kisha wanakwenda kuzitetea kwa mdomo kwenye raundi ya kanda, na Afrika ina ya kwake. Wanaofanya vizuri huko ndio wanaopanda ndege kwenda fainali Geneva, kwenye jumba la WTO lililo kando ya ziwa. Ratiba haina la ajabu. Ajabu iko kwenye kanuni moja: kila timu huandika pande zote mbili. Wanaandika hoja za mlalamikaji kana kwamba wanaziamini kwa moyo wote, kisha wanakaa tena na kuandika hoja za mlalamikiwa kwa moyo ule ule. Siku ya kuzungumza hupangiwa upande. Leo asubuhi unaishambulia sheria, alasiri unaitetea.

Ili kuona kwa nini hilo ni gumu, lazima tuiguse sheria yenyewe. Ukiondoa maelfu ya kurasa, GATT inasimama juu ya ahadi chache. Ibara ya 1: upendeleo unaompa mwanachama mmoja, wape wote. Ibara ya 3: bidhaa ya kigeni ikishavuka mpaka na kulipiwa ushuru, usiibague na ya kwako inayofanana nayo. Ibara ya 11: usizuie bidhaa kwa marufuku au kwa kuweka ukomo wa kiasi.

Hilo neno "inayofanana" peke yake limekula karatasi nyingi. Japani iliwahi kutoza vodka kodi kubwa kuliko shochu, pombe ya nyumbani kwao, na mwaka 1996 ikashindwa. Jopo, na Baraza la Rufaa ambalo ni chombo cha WTO cha kukatia rufaa maamuzi ya majopo, waliangalia mambo ambayo muuza duka yeyote angeyaangalia: kinywaji kimetengenezwaje, kinatumika wapi, mnywaji anaweza kuacha kimoja akachukua kingine, na forodha inakiweka kundi gani. Nikiwa na wanafunzi wapya huwauliza kama konyagi na vodka ni bidhaa moja. Darasa hugawanyika mara moja, na kabla ya nusu saa wamekwishafika wenyewe kwenye vigezo vile vile, bila kufungua kitabu.

Kisha inakuja Ibara ya 20, na hapo ndipo kesi nyingi za mooti huishia. Ibara hiyo inaruhusu nchi kuvunja ahadi kwa sababu maalumu, zikiwemo kulinda maadili ya umma, kulinda uhai na afya ya watu, wanyama na mimea, na kuhifadhi maliasili zinazoweza kwisha. Ila mlango huo una kizingiti. Sentensi ya mwanzo ya ibara inasema hatua yako isitumike kwa namna ya kubagua kiholela au bila sababu ya haki kati ya nchi zenye hali sawa, wala isiwe kizuizi cha biashara kilichovikwa joho la jambo jema.

Kesi ya kasa ndiyo iliyoufundisha ulimwengu maana ya kizingiti hicho. Kwa sheria ya mwaka 1989, Marekani ilizuia kamba waliovuliwa kwa nyavu zisizo na kifaa cha kumwachia kasa atoke. Mtu yeyote aliyewahi kuona kasa akitaga Mafia au Watamu atasema hiyo ni sheria njema. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zikalalamika. Mwaka 1998 Baraza la Rufaa likasema: ndiyo, kasa ni maliasili inayoweza kwisha, na ndiyo, Marekani ina haki ya kuwalinda. Lakini ikashindwa. Nchi za Karibi na za Atlantiki ya magharibi zilikuwa zimepewa miaka mitatu ya kujiandaa, zikaitwa mezani, zikasaidiwa kiufundi. Zile za Asia zilipata miezi minne tu. Marekani ikarekebisha namna ya kuitekeleza sheria, sheria yenyewe ikabaki. Malaysia ilipolalamika tena, mwaka 2001 Marekani ikashinda.

Kesi hiyo naipenda kuliko zote kwa kufundishia, kwa sababu inamvua mwanafunzi silaha yake ya kwanza, ile ya kutafuta nani mwema na nani mbaya. Nchi yenye nia nzuri inaweza kuanguka kwa jinsi ilivyotenda, na hoja yako ikisimama juu ya wema peke yake, mjumbe wa jopo ataiangusha kwa swali moja.

Mazoezi yetu makubwa, hata hivyo, sifanyi kwa kasa. Nafanya kwa sangara, kwa kuwa kisa chake ni cha kwetu na hakikuwahi kufika mbele ya jopo. Mwishoni mwa 1997, kipindupindu kikiwa kimeenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji. Minofu ya sangara wa Ziwa Viktoria ilikuwa na soko kubwa huko. Viwanda vya Mwanza na Kisumu vikabaki na mzigo usio na mnunuzi wake mkubwa, na bei ya samaki mwaloni ikaanguka hadi kwa mvuvi mwenye mtumbwi mmoja. Tanzania ililipeleka suala hilo kwenye kamati ya WTO inayosimamia usalama wa chakula na afya ya mimea na mifugo. Katikati ya 1998 marufuku ikaondolewa, na mwaka 1999 ikaja nyingine, safari hii kwa sababu ya watu waliovua kwa kumwaga sumu ziwani.

Chukua ile ya kwanza tu, uigeuze kesi. Mkataba unaotumika hapa si GATT peke yake. Kuna mkataba maalumu wa hatua za afya, unaojulikana kwa kifupi kama SPS, na moyo wake ni sayansi. Ibara ya 2.2 inataka hatua isisimame bila ushahidi wa kisayansi. Ibara ya 5.1 inataka uwe umefanya tathmini ya hatari. Ibara ya 5.6 inataka usizuie biashara kuliko inavyohitajika ili kupata kiwango cha usalama unachokitaka.

Upande wa mlalamikaji hupendwa na wanafunzi wangu wote. Damu ni nzito. Wanasimama na kusema: tathmini iko wapi? Shirika la Afya Duniani lenyewe limesema hatari ya kipindupindu kusafiri ndani ya chakula kinachouzwa nje ni ndogo. Samaki huyu anapikwa kabla ya kuliwa, na moto huua vimelea. Kama mna wasiwasi, pimeni kontena likifika bandarini, mna maabara. Kwa nini kufunga soko zima?

Halafu nawageuza. Sasa wewe ni wakili wa Ulaya. Wengi hunyamaza kidogo, na nimewahi kuona binti mmoja macho yakimlenga machozi, maana baba yake alikuwa akifanya kazi kiwandani miaka ile. Lakini alisimama. Alifungua Ibara ya 5.7, inayoruhusu hatua ya muda pale ushahidi usipotosha, mradi nchi itumie taarifa zilizopo, iendelee kutafuta nyingine, na ipitie upya uamuzi wake ndani ya muda unaofaa. Akasema: mlipuko ulikuwa unaendelea, mifumo ya ukaguzi kule ziwani haikuwa imethibitishwa, hatua ilidumu miezi michache, ikaondolewa taarifa zilipopatikana. Nchi ina haki ya kuchagua kiwango cha usalama wa watu wake, hata kama ni cha juu sana. Hoja ilisimama. Chumba kizima kilihisi kwamba imesimama.

Ni hapo tu ndipo upande wa kwanza ulipopata nguvu yake ya kweli. Mwenzake alirudi na kesi ya matufaha ya Japani, ya mwaka 2003, ambamo Baraza la Rufaa lilitenganisha ushahidi kutotosha na mtu kuwa na mashaka. Kama sayansi inatosha kufanya tathmini, huwezi kukimbilia hatua ya muda kwa sababu tu bado una hofu. Na kipindupindu kimechunguzwa tangu enzi za Robert Koch, daktari Mjerumani, katika miaka ya 1880. Ni ugonjwa gani unaojulikana zaidi ya huo? Hoja hiyo isingepatikana bila mtu wa kwanza kuitetea Ulaya kwa dhati. Kuandika pande mbili maana yake ni hii: unalijua jengo la mpinzani wako nguzo kwa nguzo, kwa sababu ulilijenga mwenyewe.

Nina desturi nyingine ambayo wanafunzi huiona ngeni mwanzoni. Mashindano ni ya Kiingereza, na lugha rasmi za WTO ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Lakini kabla ya mtu kunisomea hoja yake kwa Kiingereza, namtaka anieleze kwa Kiswahili, bila karatasi, kama anavyomweleza shangazi yake. Ibara ya 5.7 iliwahi kuelezwa hivi: "Nimesikia unga una sumu, nimefunga duka kwanza, napeleka sampuli, nikijibiwa nafungua; siwezi kufunga halafu nikalala." Sijapata kuona ufafanuzi mzuri kuliko huo. Anayeshindwa kusema hivyo huwa anajificha nyuma ya maneno makubwa, na mbele ya jopo maneno makubwa hayamfichi mtu.

Maana mbele ya jopo hupewi nafasi ya kuhutubia. Unapangiwa dakika, mtunza muda yuko pembeni na kadi zake, na wajumbe wanaweza kukukatiza sentensi ya kwanza tu haijaisha. Maswali yao huenda moja kwa moja penye donda. "Ukishinda, nchi maskini itawezaje kuzuia chakula kibovu kesho?" Msemaji mzuri hujibu kwanza, ndiyo au hapana, kisha anatoa sababu, anataja ibara na kesi, na kurudi kwenye mstari wake kama mtu aliyesogea kumpisha mwenzake njiani. Msemaji dhaifu husema "nitafika hapo baadaye". Baadaye haifiki, kadi ya dakika moja inainuliwa, na swali limebaki likielea mezani. Anayekiri kwamba hoja yake ya pili ni nyembamba, akaonyesha kwamba ya kwanza inatosha peke yake, mara nyingi huheshimiwa kuliko anayeng'ang'ania zote mbili.

Uwanja wenyewe haujalala sawa. Timu ya chuo tajiri huwa na kocha aliyewahi kufanya kazi Geneva, maktaba yenye kila kitabu, na nauli iliyolipwa mapema. Zetu huchangishana. Nashukuru kwamba ripoti zote za majopo na za Baraza la Rufaa ziko wazi kwenye tovuti ya WTO bila malipo, kwa hiyo malighafi ya msingi anayo kila mwenye simu na bando. Nauli na viza ni habari nyingine. Mwaka mmoja viza ya mmoja wa vijana wetu ilitoka siku tatu baada ya ndege kuondoka. Wenzake wawili walizungumza peke yao, wakibeba sehemu yake aliyoiandika kwa miezi, na yeye akawa anawatumia marejeo usiku kutoka nyumbani. Lile liliniuma, na bado linaniuma.

Linauma zaidi ukiangalia nani hasa anahitaji mafunzo haya. Kenya na Tanzania hazijawahi kuwa mlalamikaji wala mlalamikiwa kwenye WTO. Zilikaa kama wahusika wa pembeni katika kesi ya ruzuku ya sukari, ambapo Brazil, Australia na Thailand ziliishtaki Ulaya, kwa kuwa sisi tulikuwa tukiuza sukari huko kwa bei ya upendeleo. Ulaya ikashindwa mwaka 2005. Zilipita zaidi ya miaka 20 tangu shirika lianzishwe kabla nchi yoyote ya Afrika haijafungua lalamiko: ilikuwa Tunisia, mwaka 2018, dhidi ya Morocco, juu ya madaftari ya shule. Sababu si kwamba hatukuonewa. Kesi ina gharama, mnunuzi wako mkubwa ndiye unayetaka kumshtaki, na wanasheria wanaoijua sheria hii wizarani ni wachache. Kituo cha ushauri wa sheria za WTO kilichoanzishwa Geneva mwaka 2001 hupunguza mzigo huo, na nchi zilizo kwenye kundi la maskini zaidi, kama Tanzania, zinaweza kupata huduma zake. Lakini kituo hakiwezi kukuletea lalamiko. Lazima kwanza mtu nyumbani atazame marufuku fulani na kutambua: hii inagusa Ibara ya 5.1.

Wapo wanaoniuliza kwa nini tuhangaike wakati mfumo wenyewe umeumwa. Ni swali la haki. Baraza la Rufaa lilitakiwa kuwa na wajumbe 7, na kesi moja husikilizwa na 3. Marekani ilikataa uteuzi wa wapya hadi Desemba 2019 wakapungua chini ya hao 3, na tangu hapo baraza haliwezi kusikiliza rufaa. Aliyeshindwa mbele ya jopo anaweza kukata rufaa kwa baraza lisilo na watu, na kesi ikaning'inia. Madaftari ya Tunisia yaliishia hapo hapo: jopo lilitoa ripoti mwaka 2021, Morocco ikakata rufaa. Baadhi ya wanachama wameunda utaratibu wao wa muda wa kusikilizana rufaa, wengine hawamo. Mooti inaendelea kwenye hatua ya jopo, ambayo bado inafanya kazi.

Na sheria hii haikai Geneva peke yake. Eneo Huru la Biashara la Afrika lina itifaki yake ya migogoro iliyofuata kwa karibu mfano wa WTO: mashauriano kwanza, kisha jopo, kisha rufaa. Karibu zaidi ipo Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 Uganda ilibadili sheria ya kodi, sigara zilizotengenezwa nje ya nchi zikatozwa zaidi ya zile za ndani, na zilizotoka Kenya zikahesabiwa za nje. British American Tobacco ikaenda mahakamani. Swali lilikuwa lile la shochu na vodka: bidhaa ya jirani ikishavuka mpaka, unaweza kuitoza zaidi kwa sababu haikuzaliwa kwako? Machi 2019 mahakama ikasema Uganda imekiuka mkataba wa Jumuiya.

Huwa nawapa wanafunzi hukumu hiyo jioni ya mwisho, tukishamaliza mazoezi yote. Waigawane, nusu watetee Uganda. Na usiku huo, kwa kuwa Arusha wapo majaji kweli, yule kijana wa "Mheshimiwa Jaji" namwacha aanze anavyotaka.